Panorama ya Kilele cha Uhuru: mwongozo kamili wa kupiga picha ya mzunguko Kilimanjaro

Ukisimama juu ya Kibo, ile sehemu ya Kilimanjaro yenye Kilele cha Uhuru, Kibo huioni. Wapigapicha wengi hulisahau jambo hili. Siku tano nzima wanabania nguvu, betri na nafasi ya kadi kwa ajili ya kileleni, na wakifika wanakuta mlima walioufuata wameukanyaga. Mbele yao kuna bango, foleni ya watu waliojifunga makoti, anga, na mawingu yaliyotandazwa chini kama pamba. Wanashuka na picha ileile aliyonayo kila aliyewahi kupanda.

Kwa hiyo mwongozo huu una kazi mbili. Kwanza ni panorama za hifadhi, yaani picha pana za fremu kadhaa zilizoshonwa pamoja, unazopiga njiani, ambako Kibo yenyewe ndiyo mhusika. Pili ni mzunguko wa nyuzi 360 pale Uhuru, ambako bango ni kitu kimoja tu kati ya barafu, bonde la volkano, kilele jirani cha Mawenzi na Mlima Meru. Nimezifanya zote kwa kamera ya lenzi za kubadilisha na kwa simu, nami nimezikosea zote.

Mahali penyewe

Kilele kina mita 5,895. Wajerumani walikipa jina la mfalme wao, Kaiser Wilhelm. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha pale bendera ya Tanganyika na Mwenge wa Uhuru, na tangu hapo kinaitwa Uhuru. Ndiyo maana mimi nalihesabu lile bango kuwa kumbukumbu ya taifa, hata kama kwa macho ni mbao na maandishi tu. Ukilipiga kwa haraka ukiwa umelikalia, umepiga mbao.

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1987 ikaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Huruhusiwi kupanda bila kiongozi mwenye leseni. Ndege isiyo na rubani hairuki humo bila kibali maalumu, na ukikamatwa nayo langoni utaiacha hapohapo. Kama picha ni za biashara au filamu, ulizia kibali mapema, usingoje siku ya kujiandikisha getini.

Hatua ya 1: Chagua msimu na njia kwa macho ya kamera

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli ya Novemba zitakufunika kwa mawingu, ingawa siku anga linapopasuka katikati ya mvua rangi zake hazina mfano. Mimi hupenda Februari. Vumbi limepungua, na mara nyingi juu pana theluji mpya kidogo inayoufunika udongo mweusi.

Njia nayo ina uzito wake. Machame na Lemosho zinakupitisha uwanda wa Shira, chini ya mnara wa mawe wa Lava Tower, kisha bonde la Barranco. Yaani unaizunguka Kibo kutoka magharibi hadi kusini na kuipata sura yake tatu nne. Marangu ni fupi na ina mabanda ya kulala, lakini Kibo utaiona kwa upande mmoja tu. Rongai inakupa Mawenzi kwa karibu kuliko nyingine zote. Kwa panorama pekee ningechagua Lemosho, maana siku zake ni nyingi na mwili unapata muda wa kuzoea. Mtu anayeumwa kichwa hashiki kamera sawasawa.

Kama unaweza, panga usiku wa kileleni uangukie mbalamwezi. Utaona njia, na barafu utaanza kuipiga kabla jua halijatoka.

Hatua ya 2: Begi

Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, na humo ndani mmo hema na chakula. Kamera ni yako, ibebe mwenyewe. Chukua hivi:

- Kamera moja na lenzi moja pana. Milimita 24 kwa kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisio kikubwa cha kupokea mwanga, au 18 kwa zile za kihisio kidogo, zinatosha kazi yote.
- Betri tatu au zaidi, na pawabenki.
- Kadi mbili za kumbukumbu.
- Tripodi ndogo nyepesi kwa ajili ya kambini. Kileleni huenda usiitumie.
- Glavu nyembamba za kuvaa ndani ya zile nene.
- Mfuko wa nailoni unaofungika vizuri. Nitaueleza baadaye.

Kichujio cha kupunguza mng'ao, kile cha kuzungusha, kiache nyumbani. Kwenye picha moja kinaipendezesha bluu ya anga. Kwenye panorama kinaleta doa jeusi upande mmoja wa anga na weupe upande mwingine, kwa sababu nguvu yake inategemea pembe ya jua. Isitoshe, juu ya mita 4,000 anga lenyewe tayari ni bluu ya wino.

Hatua ya 3: Nyumbani, tafuta nukta ya kugeukia

Hatua hii ndiyo inayorukwa na watu wengi, na ndiyo inayoamua kama bango lako litatoka zima au limekatika vipande viwili.

Panorama ni fremu kadhaa zinazoshonwa pamoja. Kamera ikigeuka pale pale, vitu vya karibu na vya mbali vinabaki vimepangana vilevile. Ikiwa unageuka na mwili wako huku umenyoosha mikono, kamera inasafiri, na kitu cha karibu kinahama mbele ya kilicho mbali. Hesabu yake ni hii: bango likiwa mita 2 kutoka kwako na kamera ikisogea sentimeta 10, bango linahama karibu nyuzi 3 mbele ya mandhari. Programu haina namna ya kulificha hilo. Likiwa mita 10, linahama kama nusu nyuzi. Meru, iliyo umbali wa makumi ya kilomita, haihami kabisa.

Nukta unayoitafuta iko ndani ya lenzi, pale unapoona tundu la mwanga ukichungulia kwa mbele. Jaribu hivi. Simamisha fimbo mita moja mbele ya kamera, uipange sawa na nguzo ya umeme ya mbali. Geuza kamera kushoto na kulia. Fimbo ikiachana na nguzo, sogeza kamera nyuma au mbele juu ya tripodi, ujaribu tena, mpaka zibaki pamoja pande zote. Weka alama ya rangi ya kucha juu ya lenzi mahali hapo. Kileleni, ukipiga kwa mkono, alama hiyo ndiyo itakayobaki palepale, na wewe ndiye utakayeizunguka kwa miguu kama mtu anayezunguka mlingoti.

Kwa simu mambo ni yaleyale: simu isimame, mwili uzunguke.

Fanya mazoezi uwanjani kwako mpaka mzunguko mzima umalizike ndani ya nusu dakika. Kisha rudia umevaa glavu. Usicheke. Kileleni hewa ina karibu nusu tu ya oksijeni ya pwani, na akili inakuwa nzito. Kitakachobaki ni kile ambacho mikono imeshakizoea.

Hatua ya 4: Panga kamera mara moja, usiiguse tena

Mara yangu ya kwanza niliiacha kamera ijiamulie kila kitu. Fremu iliyotazama jua ikawa nyeusi, iliyotazama kivuli ikawa nyeupe, na nilipozishona anga likatoka na mistari kama shuka la Kimasai. Tangu siku ile napanga hivi:

- Kila kitu kwa mkono: tundu la lenzi f/8, ISO (wepesi wa kihisio kupokea mwanga) 100 jua likiwa limepanda, 400 alfajiri.
- Spidi ya shata isipungue 1/250. Jua likiwaka juu ya theluji, 1/500 hadi 1/800.
- Fokasi mbali kabisa, kisha uzime fokasi ya kujiendesha.
- Mizani ya rangi ifungwe kwenye alama ya jua. Usiiache kwenye otomatiki.
- Faili la RAW, yaani data ghafi ya kihisio. Kwa simu, bonyeza skrini na kushikilia mpaka mwanga na fokasi vifungwe.

Kabla ya kuanza, elekeza kamera sehemu yenye mwanga mkali kuliko zote ukiliacha jua lenyewe, mara nyingi ni barafu inayopigwa na jua, na uipime hapo. Barafu isiungue. Vivuli utaviinua baadaye kwenye kompyuta, lakini barafu iliyoungua ni karatasi nyeupe, hairudi. Ila ujue kwamba kamera ikipimia theluji peke yake huifanya ya kijivu, kwa hiyo iongezee mwanga kama hatua moja, yaani mara mbili, kisha tazama grafu ya mwanga isigonge ukuta wa kulia.

Shika kamera kwa wima. Kila fremu ilale juu ya mwenzake kwa theluthi moja. Kwa lenzi ya 24 kwenye kihisio kikubwa, fremu 10 zinafunga mzunguko. Kwa 35 utahitaji kama 14. Ongeza moja ya ziada inayorudia mwanzo.

Hatua ya 5: Hifadhi kabla ya kilele

Saa za mlima zina utaratibu. Asubuhi anga liko wazi. Kufikia saa nne au tano mawingu yanapanda kutoka msituni, na jioni mara nyingi yanashuka tena. Piga kabla ya chai na baada ya kufika kambini, saa za katikati tembea tu.

Shira, jioni. Jua linazama nyuma yako na ukuta wa magharibi wa Kibo unageuka rangi ya kaa la moto. Hapa nyuzi 120 zinatosha, usipige mzunguko mzima. Kibo ukae theluthi ya kulia, uwanda ujaze kushoto.

Barranco ndipo ningekaa siku mbili kama ningekuwa na pesa. Kuna ile misenesio mikubwa, *Dendrosenecio kilimanjari*, imesimama kama watu waliovaa makoti ya majani makavu, na lobelia chini yake, na juu kuna barafu za kusini zinazoning'inia. Tatizo ni kwamba mimea iko karibu na barafu iko mbali, kwa hiyo nukta ya kugeukia ni lazima. Tumia tripodi. Funga tundu hadi f/11. Weka fokasi mbele kidogo ya mwisho ili mmea wa mita tatu nao usomeke. Ngoja upepo utulie, majani yakitikisika kati ya fremu mbili utayaona mawili. Piga mzunguko mara tatu, uchague nyumbani. Mimi hapa niliweka tripodi juu ya tope lililoganda asubuhi, na jua lilipolilainisha mguu mmoja ukazama taratibu bila mimi kujua. Upeo wa macho wa panorama ile unapanda kama ngazi. Sasa natanguliza jiwe bapa chini ya kila mguu.

Kwa njia ya Marangu, toka kambi ya Horombo asubuhi utembee hadi Mawe ya Pundamilia, ule ukuta wenye mistari myeusi na myeupe. Mawenzi, yenye mita 5,149, inapendeza zaidi alasiri, jua likiipiga kutoka magharibi. Ule uwanda mkavu kati ya Mawenzi na Kibo unakupa kitu adimu, yaani vilele viwili katika panorama moja, wewe ukiwa katikati.

Hatua ya 6: Usiku wa kileleni

Mnaondoka kama saa sita usiku. Betri zote ziwe kwenye mfuko wa ndani kabisa, ngozini. Baridi haiui betri, inailaza tu, na ikipashwa joto inaamka. Yangu ya kwanza ilizimika Stella Point, pale njia inapofika ukingo wa bonde la volkano, kwa sababu niliiacha ndani ya kamera mgongoni, nikadhani imekufa. Nilipoiweka kwapani robo saa ikarudi na asilimia 40. Simu nayo ilale kifuani.

Jua linachomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na nusu, na saa hiyo haibadiliki sana mwaka mzima kwa kuwa tuko jirani na ikweta. Wengi jua huwakuta Stella au kabla yake. Ukiwa pale, kabla hujashangilia mashariki, geuka utazame magharibi. Kwa dakika chache kivuli cha Kibo kinalala juu ya mawingu kama pembetatu kubwa ya bluu kuelekea upande wa Meru. Wapandaji tisa kati ya kumi wamekipa mgongo.

Kutoka Stella hadi Uhuru ni kama dakika 45 hadi saa nzima ya kujikokota. Kushoto una barafu za kusini, kulia bonde la volkano. Piga panorama fupi ya barafu hapa, ukiwa na nafasi na bila umati, maana kule bangoni watu watakuziba.

Sheria mbili za uhai. Usirudi nyuma huku jicho liko kwenye kamera, kingo ziko karibu kuliko unavyodhani. Na ukianza kupepesuka, kutapika au kuongea maneno yasiyoshikamana, picha imekwisha, unashuka. Kiongozi akisema teremka, usibishane naye kwa ajili ya fremu.

Hatua ya 7: Mzunguko wa Uhuru

Una dakika kumi hadi ishirini. Zitumie hivi.

Kwanza weka begi chini, pumua, usipige kitu. Tazama bango liko wapi na jua liko wapi. Piga hatua kumi kutoka kwenye bango, zaidi kama kuna nafasi, mbali na foleni. Hii ni kinyume cha wanavyofanya wote, lakini ukikumbuka hesabu ya nyuzi 3 utaelewa. Bango litakuwa dogo. Na liwe dogo, ndivyo lilivyo mbele ya mlima.

Vua glavu nene, baki na nyembamba. Piga picha ya kiganja chako, ndiyo alama ya mwanzo wa mfululizo. Nyumbani utakuwa na fremu mia tatu zinazofanana, na vile viganja viwili, cha mwanzo na cha mwisho, vitakuonyesha seti iko wapi.

Anza na bango. Ngoja upenyo kati ya kundi linaloondoka na linaloingia, sekunde tatu tu, upige fremu mbili tatu zenye bango katikati. Usilipasue bango kati ya fremu mbili. Ukishalipata zima, mengine hayana haraka. Zunguka kuelekea kulia, fremu moja kila hatua ndogo ya miguu, ile alama ya rangi ya kucha ikibaki palepale. Usibane pumzi muda wote kama ulivyozoea kule chini. Ukifanya hivyo kwa fremu kumi utaona nyota mchana. Toa pumzi, bonyeza, vuta, geuka.

Upeo wa mawingu upite mahali pamoja kwenye kila fremu. Kamera nyingi zina mistari ya kusaidia, iwashe usiku uleule kambini.

Ukimaliza piga kiganja, kisha rudia mzunguko wote. Wa pili huwa bora. Nilikuwa naanza wa tatu siku moja kiongozi wetu akaniambia, "Mangi, tunashuka," nami nikamjibu bado fremu nne. Hakujibu. Alichukua begi langu akaanza kuondoka nalo. Fremu nne zile sikuzipiga, na mizunguko miwili ya kwanza ilitosha.

Sasa simama bangoni upigwe picha yako kama watu wengine. Umepanda, unastahili.

Ukifika kambini usiitoe kamera baridi ndani ya hema lenye joto. Ifunge kwenye ule mfuko wa nailoni ukiwa bado nje, kisha ingia nao. Unyevu utaganda juu ya nailoni, lenzi ibaki kavu.

Hatua ya 8: Kushona

Kwa programu ya kushona, Hugin ni bure na inatosha. Lightroom na PTGui ni za kulipia, na zina haraka zaidi. Rekebisha fremu moja, nakili marekebisho yaleyale kwa zote, ndipo uzishone. Kwa panorama isiyozidi nyuzi 120, chagua mwonekano bapa. Ikizidi hapo chagua wa silinda. Kwa 360 ya kuzungushwa kwenye skrini chagua ule wa upana mara mbili ya kimo.

Watu watakaotembea katikati ya fremu watatokea mara mbili au bila kichwa. Hugin inakuruhusu kupaka sehemu ya kufuta kwenye fremu moja na ya kubakiza kwenye nyingine. Anga likikataa kushonwa kwa sababu halina alama yoyote, weka nukta za kuunganisha kwa mkono juu ya mawe na ukingo wa barafu. Usiziweke kwenye mawingu, yanatembea.

Andika kwenye faili tarehe, saa na mahali uliposimama. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imeshatoweka, na panorama iliyoandikwa vizuri ni kipimo. Mtu anaweza kusimama palepale miaka kumi baadaye akalinganisha kingo.

Hatua ya 9: Kuchapa

Fremu kumi za kamera ya megapikseli 24 zinatoa picha yenye upana wa pikseli kama 27,000. Kwa ubora wa juu hiyo ni karatasi ya zaidi ya mita 2. Usipeleke kwenye nailoni ya mabango ya barabarani, inameta na inaua vivuli vya theluji. Omba turubai ya picha, kisha amua panorama ikatwe wapi, maana mduara hauna mwanzo. Wengi huweka bango katikati. Yangu iliyoko sebuleni ina Mawenzi katikati, jua likiwa limetoka tu nyuma yake, na bango liko karibu na ukingo wa kushoto. Wageni hulitafuta kwanza, wakishaliona ndipo wanauliza ule mlima mwingine ni upi.